Mshika Taa

Katika kila kazi ifanywayo na watu wengi pana mikono ya namna mbili: mkono upigao, na mkono umwezeshao apigaye. Wa kwanza huonekana, husifiwa na kutajwa. Wa pili aghalabu hukumbukwa siku usipokuwapo. Tofauti hii ni ya kale kama vita na uvuvi, lakini siku hizi imepata uwanja mpya wa kujionyesha, nao ni simu ya mkononi.

Lamadi ni mji mdogo katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Upande mmoja pana Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Upande wa pili, si mbali, pana lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Na barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma hukutana hapo na ile iendayo Bariadi. Watu wake ni wavuvi, wakulima, wafugaji na wachuuzi. Mwezi unapokuwa mpevu mitumbwi ya dagaa hupumzika, kwa sababu nuru ya taa haiwezi kushindana na nuru ya mwezi. Katika siku hizo za mapumziko vijana watano walikuwa na desturi ya kukutana jioni katika kibanda kimoja cha kuchajia simu, wakachanga fedha za bando, wakacheza.

Mchezo wenyewe ni Mobile Legends: Bang Bang, uliotolewa na kampuni ya Moonton mwaka 2016. Watu watano hupigana na watano wengine, ambao huenda wako Dar es Salaam, Nairobi au mbali zaidi. Kila upande una ngome yake, na baina ya ngome hizo pana njia tatu zilindwazo kwa minara. Kila mchezaji huchagua mhusika mmoja. Wako wahusika wa kuua, wako wa kustahimili mapigo, wako wa kupiga kutoka mbali, na wako wasaidizi. Auaye hupata dhahabu. Mwenye dhahabu hununua silaha. Mwenye silaha huua tena. Msaidizi hayumo katika mzunguko huo. Yeye huponya na kukinga, huwazuia maadui wasisogee, na huwaachia wenzake dhahabu ambayo angeweza kuiokota mwenyewe.

Kati ya vijana hao watano wawili walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mdogo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi nyumbani likizo. Mkubwa alikuwa mvuvi. Mdogo hakuchagua kamwe mhusika asiyekuwa mshambuliaji, na wale watatu wengine walimwiga. Kila mmoja aliukimbilia upanga, kama kwamba vita ni upanga mtupu. Mkubwa alingoja mpaka wote wamekwisha chagua, akautazama uchaguzi wao kama fundi atazamavyo mtumbwi akitafuta mahali pavujapo, kisha akachagua kilichokosekana.

Uchaguzi wake haukuwa wa kubahatisha. Alijiuliza maswali matatu. La kwanza: ni nani katika sisi aumiaye upesi? Ikiwa wenzake walipenda kupigana wakiwa pamoja, alimchukua Estes, ambaye huweza kuliponya kundi zima. Ikiwa walihitaji kukimbia au kukimbiza, alimchukua Rafaela, aponyaye na kuongeza mbio. La pili: adui atatudhuru kwa njia gani? Ikiwa upande wa pili ulikuwa na wahusika wa kufunga na kuduwaza, alimchukua Diggie, bundi mdogo awezaye kuwafungua waliofungwa. La tatu: ni nani katika sisi atakayetuvusha? Akiisha mjua huyo, alimchukua Angela, ambaye huingia katika mwili wa mwenzake akampa ngao, hata wawili wakapigana kama mmoja. Swali la nne hakujiuliza, nalo ndilo waliloanza nalo wenzake: ni nani atakayetajwa mwishoni?

Mdogo aliyaona haya yote kuwa ni kazi ya mwenye vidole vizito. Jioni moja, baada ya kushindwa mara tatu mfululizo, hasira ilimzidi akasema mbele ya wote, "Kaka, wewe unachagua kusaidia kwa kuwa hujui kupiga."

Kibanda kizima kikanyamaza. Wale watatu waliinamia simu zao, kwa maana walijua jambo ambalo msemaji alilijua kuliko wao, ila alikuwa amelizoea mno hata halioni. Baba yao alipokufa, mkubwa alikuwa kidato cha pili, naye alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Mapato ya nyumba hayakuweza kuwasomesha wawili. Mkubwa akaenda ziwani kushika taa. Mdogo akaendelea na shule.

Kazi hiyo ya taa yahitaji kuelezwa kwa asiyekaa ziwani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta. Leo nyingi ni za betri na za nguvu za jua. Taa huwekwa juu ya vyelezo majini, dagaa wakaifuata nuru, na mtu wa taa hungoja, pengine saa nyingi, akiomba upepo usitawanye alichokikusanya. Kisha huzisogeza taa polepole, bila pupa, mpaka samaki wawe mahali pamoja. Ndipo wenye wavu wazungushe na kuvuta. Taa haivui hata dagaa mmoja. Walakini pasipo taa wavu hauna cha kuzungushia.

Mkubwa hakujibu kwa maneno. Katika mchezo uliofuata alichagua wa kwanza, akachagua mshambuliaji. Ikambidi mdogo, aliyebaki wa mwisho, achukue msaidizi. Mkubwa alipiga kwa ustadi ambao hakuna aliyeutazamia, kwani mtu aliyewatazama washambuliaji kutoka nyuma yao kwa miezi mingi hujifunza makosa yao yote. Lakini mdogo hakujua pa kusimama. Alitangulia wakati wa kubaki nyuma. Alimponya mzima akamwacha mahututi. Aliokota dhahabu isiyokuwa yake. Alikufa mara kumi na moja. Walishindwa tena, na safari hii aliona sababu.

Jambo hili halikupasa kuwa geni kwa kijana wa Usukuma. Wasukuma walijua mashindano ya makundi kabla ya kuwako simu. Vyama vyao vya ngoma, Bagalu na Bagika, ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ni waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Gumha na Ngika, hushindana baada ya mavuno wakicheza wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Jina litajwalo ni la manju. Lakini manju aimbaye pasipo wapiga ngoma na waitikiaji hamvuti hata mpita njia. Huko ughaibuni nako pana ushahidi. Katika Dota 2, mchezo wa jamii hiyo hiyo, Johan Sundstein wa Denmark alikuwa nahodha wa kundi la OG akicheza nafasi ya tano, yaani nafasi ya msaidizi, ambayo kwa desturi hupata dhahabu kidogo kuliko zote. Kundi lake lilitwaa mashindano makuu ya mchezo huo mwaka 2018, likayatwaa tena mwaka 2019, likawa la kwanza kuyatwaa mara mbili.

Basi ni rahisi kumsifu msaidizi, na insha ingeweza kukoma hapa. Lakini sifa hizo zina hatari yake, na hatari hiyo ilionekana usiku ule ule.

Walipokuwa wakirudi nyumbani mbalamwezini, mdogo aliomba radhi, naye alisamehewa. Kisha akauliza, "Kaka, wewe ulichagua, au ulichaguliwa?"

Mkubwa alikwenda hatua nyingi kabla ya kujibu. "Mara ya kwanza nilichaguliwa, mdogo wangu, nami nililia. Baadaye, kila usiku nilipowasha taa, nilichagua mwenyewe. Lakini usinisifu sana. Kule kibandani mchezo ukiisha kila mtu huchagua upya. Mimi na wewe hatujachagua upya tangu mwaka ule."

Katika maneno hayo mna kipimo cha haki ambacho mchezo unacho na maisha mara nyingi hayana. Katika mchezo, kazi ya kusaidia hutolewa upya kila mara. Aliyebebwa leo aweza kubeba kesho, na hakuna azaliwaye msaidizi. Katika maisha mtu huweza kuchaguliwa siku moja, akiwa na miaka kumi na sita, akabaki hapo mpaka nywele zikawa nyeupe, na wale waliofaidi msaada wake wakasema kuwa hiyo ndiyo tabia yake. Sifa peke yake huweza kuwa kamba ya kumfungia mtu mahali alipo. Shukrani ni kitu kingine: shukrani hupokea zamu.

Mdogo aliuliza swali moja zaidi: kaka yake angechagua nini kama angechagua upya? Jibu halikuchukua muda. Alitaka kufanya mtihani wa maarifa, ule uwafunguliao njia ya kidato cha nne watu walioiacha shule, lakini mtu akeshaye ziwani hana saa ya kusoma.

Mwezi ulipopungua mitumbwi ikashuka majini, na mdogo akapanda mahali pa kaka yake kwa siku zote zilizobaki za likizo. Wenye mtumbwi walikubali kwa shingo upande. Usiku wa kwanza alizisogeza taa kwa haraka, dagaa wakatawanyika, akatukanwa na kila mwenye wavu. Usiku wa pili haukuwa bora sana. Nyumbani mkubwa alikuwa mezani na kitabu cha hesabu, akianzia ukurasa alioachia. Usiku wa tatu mdogo aliwasha taa, akakaa kimya, akangoja. Na dagaa wakaja.