Njia ya Upole

Nchi ya Dodoma ni uwanda mpana wenye upepo mwingi. Upepo ukivuma juu ya shamba, bua bichi la mtama huinama, na upepo ukiisha kupita husimama tena. Bali tawi kavu, lisilojua kuinama, hukatika. Jambo hili kila mtoto mchungaji wa huko amelitazama mara nyingi. Hata hivyo, mbuzi wakitulia kivulini na wachungaji wakaanza kushikana mieleka, huwa amelisahau. Husukumana kifua kwa kifua, na aliye mzito humtupa mwembamba mavumbini. Kisha hucheka wote, isipokuwa mmoja.

Mtoto wa namna hiyo alikuwa Jigoro Kano, aliyezaliwa katika nchi ya Japani mwaka 1860. Alikuwa mdogo wa mwili, hodari wa masomo, na mwepesi wa hasira. Katika shule ya bweni wanafunzi wakubwa walimwonea sana, wala hakuwa na nguvu za kuwazuia. Akasikia ya kuwa askari wa kale wa nchi yake walikuwa na elimu iitwayo jujutsu, ambayo kwayo mtu dhaifu aweza kumshinda mwenye nguvu. Akaitamani sana. Kusema kweli, hakuitamani kwa sababu ya wema. Alitaka asipigwe tena.

Mwaka 1877, alipoingia chuo kikuu mjini Tokyo, alimpata mwalimu, mzee Hachinosuke Fukuda. Siku moja Kano alimwuliza jinsi mkono na mguu viendavyo katika kumwangusha mtu. Mzee hakumjibu kwa maneno. Alimwita karibu akamwangusha. Kano akainuka, akauliza tena; akaangushwa tena. Mara ya tatu vilevile. Basi akafahamu ya kuwa elimu ile huingia kwa njia ya mgongo.

Katika darasa hilo alikuwamo mtu mmoja mkubwa, jina lake Fukushima, ambaye Kano hakuweza kumtikisa hata kidogo. Mwanafunzi mwingine angekata tamaa. Kano alikwenda maktaba, akasoma vitabu vya mieleka, hata ya Ulaya, akaona namna ya kuingia chini ya mtu mzito na kumwinua mabegani kama mzigo wa kuni. Akajizoeza na rafiki zake. Halafu akamshika Fukushima, akamwinua, akamwangusha.

Lakini jambo alilolistaajabia zaidi lilikuwa ndani yake mwenyewe. Kadiri mwili ulivyopata nguvu, hasira yake ilipoa. Aliyekuwa akiwaka kwa neno dogo sasa aliweza kulisikia na kunyamaza. Akawaza: ikiwa mazoezi haya yamenigeuza hivi, kwa nini yawe ya kupigana tu? Mwaka 1882 alifungua shule yake katika chumba cha hekalu la Eishoji, penye mikeka 12 na wanafunzi 9. Aliziondoa katika mashindano mbinu za kuumiza watu, na elimu hiyo akaiita judo, maana yake njia ya upole. Wanafunzi waliangushana kwa kishindo hata mbao za sakafu zikavunjika, na usiku mwalimu mwenyewe alitambaa chini ya sakafu na mshumaa mkononi ili azitengeneze.

Upole huo ni wa namna gani? Kano aliueleza kwa hesabu. Tuseme nguvu za adui ni 10, na zako ni 7. Akikusukuma kwa nguvu zake zote nawe ukampinga, utaanguka. Lakini ukirudi nyuma kadiri asukumavyo, huyumba mbele, na kwa kuwa ameyumba nguvu zake sasa ni kama 3 tu. Zako bado ni 7, tena nusu yake yatosha kumwangusha.

Kabla ya hayo yote, mwanafunzi mpya hujifunza kuanguka. Huvuta kidevu kifuani ili kichwa kisigonge chini, na hupiga mkeka kwa mkono wake ili kishindo kitawanyike. Naye amwangushaye mwenziwe humshika mkono wa vazi mpaka chini, asije akaumia. Aliyebanwa akipiga mkeka mara mbili kwa kiganja, mwenziwe humwachia papo hapo.

Kano alikufa mwaka 1938. Mwaka 1964 judo iliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mjini Tokyo, na katika shindano la watu wa uzito wowote, Mholanzi Anton Geesink alimshinda Mjapani Akio Kaminaga mbele ya watu wa kwao. Waholanzi kwa furaha walitaka kukimbilia mkekani. Geesink, mtu mkubwa kama mnara, aliinua mkono akawazuia, kwa kuwa Kaminaga alikuwa bado pale na salamu ya heshima haijatolewa. Wajapani wengi walilia siku hiyo, lakini mkono ule hawakuusahau.

Katika miaka ya 1990 Mjapani akaaye Unguja, Tsuyoshi Shimaoka, alianza kuwafundisha vijana wa kisiwa hicho judo. Tanzania ikapata wachezaji wa kwenda ng'ambo. Andrew Thomas Mlugu alishindana katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, na ya Paris mwaka 2024.

Kutoka Unguja mpaka Dodoma ni mbali, na vumbi la malishoni si mkeka. Mchungaji atakaye kujaribu kumwangusha mwenziwe kwa namna hii na angoje kwanza apate mwalimu na mahali laini, kwa maana ardhi ya huko wakati wa kiangazi ni ngumu kama jiwe, na mkono uliovunjika hauchungi mbuzi.