Usimwage Saruji Kabla ya Masika

Temeke, Dar es Salaam
20 Februari

Mjukuu wangu mpenzi,

Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila magoti tu ndiyo hayataki tena ngazi. Baba yako ameniambia unataka kumwaga saruji uani, kwa kuwa bustani imekufa na upepo unakuingizia vumbi ndani. Nyumba sasa ni yako, na neno la mwisho ni lako. Lakini uani pale nimepalilia miaka arobaini, kwa hiyo nakuomba msimu mmoja tu wa mvua. Nifanyie haya ninayokuandikia. Ukifika Juni na moyo wako bado uko kwenye saruji, sitasema neno.

Bustani hiyo haijafa, mwanangu. Ulihamia Unguja mwezi wa Desemba, kaskazi inaanza kuvuma, na tangu hapo jua halijampumzisha mtu wala mti. Mwezi kama huu hata mimi nilikuwa nikiuona mwasumini wangu kama mzigo wa kuni. Watu husifu masika kwa maua ya Aprili na Mei, wakasahau aliyeshika jembe Februari, vumbi likimwingia machoni. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Anza na mwasumini ulio karibu na kisima. Chukua mkasi mkali uukate wote, ubaki dhiraa moja kutoka ardhini, kisha ondoa vijiti vikavu vilivyosongamana ndani. Najua mkono utasita. Mwaka nilioolewa, mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliukata mwasumini huo huo mbele ya macho yangu. Niliingia chumbani nikalia, nikiona ameniharibia kitu pekee nilichokipenda katika nyumba ngeni. Yeye hakunieleza neno. Mvua zilipoanza, machipukizi yalitoka kila kifundo, na baada ya wiki chache kila chipukizi lilikuwa na matumba kwenye ncha yake. Hapo ndipo aliponiita, akanishika mkono, akanionyesha: asumini huchanua kwenye tawi jipya. Tawi kuukuu ukilionea huruma, litakulipa majani matupu. Ukitaka mche wa pili, acha tawi moja refu la chini, lichubue ganda kidogo, liinamishe, ulifukie udongoni na kulikandamiza kwa jiwe. Masika yakiisha litakuwa limeota mizizi yake, nawe utalikata na kulihamisha.

Ukimaliza kukata, tifua udongo taratibu na utie samadi. Udongo wetu pale ni kichanga, maji hupita kama kwenye chujio, na bila samadi hata mvua kubwa haitausaidia mti. Lakini samadi iwe kuukuu, iliyooza hadi ikawa kama udongo na haina harufu tena. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka, nikatia mbichi ya ng'ombe siku ile ile niliyoletewa. Iliunguza mizizi, na miwaridi yangu miwili ikakauka mbele yangu. Tangu hapo samadi ya mwaka huu niliiweka kando iningoje mwakani.

Juu ya samadi panga makumbi ya nazi, mbali na shina kwa shubiri moja. Kumbi hunyonya maji na kuyatoa polepole, na magugu hayapati jua. Vifuu, makopo na visahani vya vyungu, hivyo vikusanye vyote uvitoe uani kabla mvua haijaanza. Mbu wa homa ya dengi hutaga kwenye kingo za vyombo vidogo kama hivyo, na mayai yake hustahimili ukavu miezi kadhaa yakingoja maji. Una mtoto mchanga, na mbu huyo huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa.

Mwaridi nao ukate, lakini kwa kiasi. Kila tawi likate kimshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili tawi jipya lielekee nje na upepo upate njia katikati. Mvua zikizidi, majani yake hutoka madoa meusi. Yachume yenye madoa, uyatupe mbali, usiyaache chini ya mti. Bogenvilia ya ukutani iache kwanza. Yenyewe hupenda kiu, na ukiimwagilia sana itakupa majani na miiba. Uikate rangi zake zikishapukutika.

Mlangilangi ulio nyuma ya jiko umekuwa mrefu kwa sababu mimi nilishindwa kupanda ngazi. Mtafute kijana aukate kilele. Ndugu zetu wa Komoro, ambao hutoa mafuta mengi ya langilangi yanayokwenda kutengeneza manukato Ulaya, huipogoa miti yao iwe mifupi ili mwanamke aliyesimama chini afikie ua. Na ua lenyewe usilichume likiwa kijani. Ngoja hadi liwe la manjano na lipate wekundu kidogo kwenye kitako chake, ndipo ulichume alfajiri kabla jua halijalichosha.

Kuna mti mmoja nakusihi usiuguse kwa panga: mkilua, ule mfupi ulio kivulini chini ya mwembe. Asili yake ni misitu ya pwani yetu, Kenya na Tanzania. Mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouingiza kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1970 aliuita Mkilua fragrans. Alichukua jina letu lenyewe, akaliongezea neno la Kilatini la kunukia. Mwembe usiukate, maana mkilua umezoea kivuli cha msitu na jua kali halitaufaa. Kazi yake kwako ni ndogo: uondolee magugu, uupe majani makavu ya mwembe, uuache.

Mrehani panda mwenyewe, uanze upya kila mwaka. Mbegu zake zimo kwenye kopo la kahawa, rafu ya juu. Zinyunyize mvua za kwanza zikishatulia, usizifukie sana. Mche ukifika shubiri, kata ncha yake, utatawanya matawi. Ukianza kutoa maua, vunja mengi, bakisha machache kwa ajili ya nyuki na mbegu.

Sasa nikuambie kwa nini ninalilia kipande hiki cha udongo. Mtaa ule hakuna bibi harusi aliyetoka bila kikuba kutoka uani kwetu: asumini, kilua, rehani na kipande cha mkadi, vikafungwa pamoja na kunyunyiziwa marashi. Mama zao walibisha hodi jioni, nami sikumwuliza yeyote tuna ugomvi gani. Nilikuwa na jirani tuliyenuniana karibu miaka miwili kwa sababu ya mpaka wa ukuta. Siku ya harusi ya binti yake alimtuma mtoto mdogo mlangoni na kikapu kitupu. Nilikijaza, nikakipeleka mwenyewe. Habari ya ukuta ilikwisha usiku ule. Wewe ni mgeni mtaani, mume wako yuko kazini kutwa. Saruji itakupa sakafu safi, lakini hakuna atakayebisha hodi kuja kuiomba.

Fanya kazi ya kukata wiki hii, samadi wiki ijayo, na ifikapo katikati ya Machi uwe umekwisha jitayarisha.

Na asumini za kwanza zikitoka, nifanyie jambo moja. Zichume baada ya adhuhuri, zikiwa bado matumba yaliyofumba, maana huchanua usiku. Zitunge kwenye uzi wa ukindu, zifunge kwenye jani la mgomba lililolowana, umpe mtu anayekuja kwa boti ya alasiri. Baada ya saa mbili tu atakuwa bandarini huku, na baba yako atanipokelea. Nitaziweka kando ya mto, zichanue nikiwa nimelala.

Msalimie mumeo, umbusu mtoto.

Mimi bibi yako, nikuombeaye heri.