Kujaribu Taa za Zamani

Watoto wa siku hizi hawajui kwamba zamani karibu kila redio ilikuwa na taa ndani yake. Hazikuwa taa za kuangaza nyumba. Ni vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, na kazi yake ni kukuza sauti iliyo dhaifu. Ndani ya kichupa mna kibomba cha madini kinachopashwa moto, na moto ule huachilia chembe za umeme zisizoonekana, nazo hurukia bamba lililo mbele yake. Katikati umewekwa wavu wa uzi mwembamba sana, ambao huzizuia chembe au kuziruhusu kupita, kama bawabu mlangoni. Sauti ndogo ikiutikisa wavu, mkondo mkubwa huitii. Wavu huo ulitiwa na Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906. Mwaka 1947 ikazaliwa transista, na baada ya miaka michache taa zikaanza kutupwa.

Mimi ninacho kikuza sauti kidogo cha taa mbili, cha kusikilizia kwa visikilizio vya masikioni. Fundi mmoja wa Bunia alinitengenezea juu ya kipande cha bati. Chatumia taa ziitwazo ECC88, zenye miguu 9, na kila moja huhudumia sikio lake. Zote mbili hupata moto kutoka betri moja ya volti 12, ile inayojazwa na jua mchana, kwa sababu zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine na kila taa yataka volti 6.3 tu. Ajabu ni kwamba taa hizi zilibuniwa kwa ajili ya televisheni, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati huku kwetu televisheni haijaonekana bado.

Mpwa wangu aliye Ubelgiji aliniletea jozi tatu, amezifunga ndani ya soksi: Philips za Uholanzi, Telefunken za Ujerumani, na za Kirusi za enzi ya Kisovyeti, ziitwazo 6N23P. Kwanza nilitazama lile doa la fedha lililo kichwani mwa kioo. Likigeuka jeupe kama chokaa, hewa imeingia, na taa imekufa. Zote zilikuwa nzima. Nikasafisha miguu yake, kwa maana kutu ya miguuni hukwaruza sauti kuliko uzee wote wa taa.

Sauti ya kujaribia nilijua tangu mwanzo itakuwa Missa Luba. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliwakusanya wavulana na walimu wa Kamina, na mwaka 1958 kampuni ya Philips ikatoa sahani yao. Nakala yake ninayo katika simu. Katika Kyrie sauti moja huanza peke yake, kisha wote hujibu; na katika nafasi ile, kati ya mmoja na wote, taa mbaya haiwezi kujificha.

Nilimwambia mjukuu wangu abadilishe taa, mimi nikiwa nimegeukia ukuta, asiniambie ameweka zipi. Kila mara tulingoja dakika kadhaa zipate moto. Za Kirusi nilizitambua upesi: zina sauti kali kidogo, na moja yao hulia kama kengele mtu akigonga meza. Lakini Philips na Telefunken sikuweza kuzitenga hata kidogo, ingawa tulirudia jioni tatu. Wauzaji wa Ulaya husifu utamu wa taa hii na upole wa taa ile, na bei hupanda kwa ajili ya jina lililoandikwa juu ya kioo. Mimi siwezi kulipia jina. Nilibaki na Philips kwa sababu moja tu: hazina mvumo. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, hausikii kitu.

Na ukimya huo hapa Komanda si anasa. Wengi wenu mlisoma habari za parokia ya Mwenye Heri Anuarite, jinsi usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 wapiganaji wa ADF walivyowavamia waamini waliokusanyika kusali, wakaua watu zaidi ya 30. Tangu usiku ule ni wachache wanaoacha redio ipige kwa sauti baada ya giza. Ndiyo maana nasikiliza kwa visikilizio. Tena hufunika sikio moja tu, la kushoto. La kulia naliacha wazi, lisikilize barabara, mbwa wa jirani, na mke wangu akiniita.

Kwa hiyo nilizijaribu tena zile Philips mbili, moja moja, upande wa kushoto, usiku wa manane. Moja ilikuwa na mnong'ono mdogo sana, kama mvua ya mbali juu ya majani, na mnong'ono kama huo waweza kumfunika mtu anayekanyaga majani kweli. Hiyo nikaihamishia kulia, mahali ambapo usiku hakuna anayeisikiliza. Ile tulivu ikakaa kushoto. Kuichanganya na Telefunken sitaki, maana zinagawana moto wa betri moja na ni afadhali ziwe mapacha.

Telefunken zimo katika mkopo wa maziwa ya unga, zimefungwa tena katika soksi zake. Za Kirusi nimempa mjukuu ajifunzie.