Tumbo la Ndege

Desemba iliyopita nilisafiri kwenda Mashewa na ndege mapajani. Ilikuwa ndani ya boksi, vipande vipande, na abiria mwenzangu kwenye basi la kutoka Korogwe alinisumbua hadi Magoma akitaka kujua kama ni saa ya ukutani au ni keki. Nilipomwambia ni ndege ya plastiki ya kuunganisha na kupaka rangi, aliniangalia vizuri usoni, kisha akauliza: "Una watoto?" Nikasema ninao wawili. "Afadhali," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Ukweli ni kwamba haikuwa ya watoto. Ilikuwa ya baba. Mdogo wangu anaishi Reading, Uingereza, na kila mwaka hutuma kitu cha mzee: miwani, sweta, redio. Safari hii alituma VC10. Baba yetu alikuwa mpakia mizigo na msafishaji wa ndege za East African Airways pale Dar es Salaam, tangu mwaka 1969 hadi shirika lilipokufa mapema mwaka 1977. Sisi watoto tumekua na hadithi moja kuu ya nyumba ile, kwamba baba aliwahi kupanda Super VC10 hadi London na kurudi. Kijiji kizima kinaijua. Kuna wazee mpaka leo wanamwita "London", na koti la sufu alilorudi nalo bado linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, nondo wameshalila kwapani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona: VC10 ni ndege ya Kiingereza yenye injini nne, zote nyuma, mbili kila upande, na mkia wake umesimama kama herufi T. Mabawa yamebaki matupu. Kampuni ya Vickers iliiunda ikiwa na viwanja vya Afrika akilini, vile vya joto na vya nyanda za juu, ambako ndege nzito zilipata taabu kuruka. East African Airways, mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, ilikuwa na Super VC10 tano, ya kwanza ikaja mwaka 1966. Ndege yenyewe ina urefu wa zaidi ya mita 52. Ya kwetu ilikuwa ya kipimo cha 1 kwa 144, yaani sentimita 36 hivi, inazidi rula ya shule kwa vidole vitatu.

Nilikuta nyumba imejaa. Dada yangu alikuwa ametoka Tanga na watoto wake wanne. Shemeji alikuwa nje anapaka kuta rangi kwa ajili ya mwaka mpya. Shangazi, ambaye ni Mkristo na kila Krismasi anatualika sisi Waislamu, alikuwa keshahamia kwetu na sufuria zake. Nikapewa nusu ya meza. Nusu nyingine ilikuwa ya nazi na vitunguu, na mpaka wenyewe haukuheshimiwa. Siku ya pili tu nilikuta gurudumu la mbele la ndege ndani ya bakuli la mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Tatizo la kwanza lilikuwa picha ya kwenye boksi. Ilionyesha ndege ya kijivu kitupu, ya jeshi la anga la Uingereza, ile ya kujazia ndege nyingine mafuta hewani. Baba aliishika, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu.

"Hii si yetu," akasema.

"Ni aina ileile, baba. Rangi tu."

"Rangi tu?" Akaniwekea boksi mezani. "Wewe ukivaa magwanda utasema nguo tu?"

Mtandao pale nyumbani unapatikana ukisimama karibu na banda la mbuzi. Nikaenda kusimama huko, mvua ya vuli ikinyunyiza, kutafuta picha za rangi za zamani. Ndipo nikasoma jambo ambalo lilinifanya nisahau mvua. Super VC10 nne za East African zilizobaki hadi 1977 zilirudi Uingereza, na baadaye jeshi la anga likazigeuza kuwa matangi ya mafuta yanayoruka. Mojawapo ilikuwa 5H-MOG. Hiyo 5H ni namba ya Tanzania. Kenya ni 5Y, Uganda 5X. Hiyo 5H-MOG ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kuundwa duniani. Ikapewa namba mpya, ZA150, ikapakwa kijivu, ikafanya kazi ya jeshi miaka mingi, na Septemba 2013 ikatua Dunsfold, kusini mwa Uingereza, ikawa mali ya jumba la makumbusho la Brooklands.

Nikarudi ndani nimelowa. "Baba, unaikumbuka 5H-MOG?"

Hakufikiri hata kidogo. "Mike Oscar Golf. Mlango wake wa mizigo ulikuwa mgumu."

Miezi hii baba anasahau. Anasahau kama amekula, anamwita binti yangu kwa jina la dada yangu. Lakini mlango mgumu wa mwaka 1970 upo palepale. Nikamwambia kuwa ndege ya kwenye boksi na ndege yake ni kitu kimoja, iliajiriwa jeshini tu. Akanyamaza, halafu akauliza kama bado ipo. Nikasema ipo, hairuki. "Kama mimi," akasema, na shangazi kutoka jikoni akadakia kwamba yeye hata alipokuwa kijana hakuruka. Tukacheka. Sikujua kwamba pale shangazi hakuwa anatania.

Uamuzi wa familia ulikuwa rangi za zamani: nyeupe juu, milia ya rangi kadhaa ubavuni, kijivu chini. Kusema ni rahisi. Wenye kazi hii kule Ulaya wana vichupa vidogo vya rangi maalumu, mimi nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Nilinunua rangi ya mafuta, nikaizimua kwa thina, nikapaka bawa la kushoto. Baada ya dakika chache bawa likaanza kukunjamana kama ngozi ya maziwa. Thina inaila plastiki ya namna ile. Niliifuta haraka na kitambaa, kitambaa nacho kikaacha nyuzi, na nyuzi zikaganda. Binti yangu wa miaka tisa alitazama yote kwa utulivu, akasema: "Hilo ndilo bawa lililopata ajali."

Mama yake ndiye aliyeokoa jahazi. Alileta rangi ya maji iliyobaki kwa shemeji, nyeupe ileile ya ukutani, na brashi yake ya wanja. Rangi ya maji haiumizi plastiki, ila haishiki kwa mpako mmoja. Inabidi upake nyembamba, usubiri ikauke, upake tena. Nilipaka mara nne. Kwa milia tulikata selotepu kwa wembe, vipande vyembamba, tukabandika na kupaka katikati yake kwa rangi za shule za watoto. Bawa nililipiga msasa usiku, polepole, umeme ulipokatika nikaendelea kwa tochi ya simu. Alama haikutoka yote.

Siku tatu kabla ya mwaka mpya nilifika kwenye madirisha. Ni madogo kuliko punje ya mtama, na yapo kwenye stika ndefu unayoloweka majini kisha unaitelezesha ubavuni. Ukikosea imechanika. Watoto walikuwa mtoni, wanawake walikuwa msibani kwa jirani, baba alikuwa amekaa upande wa nazi. Kwa kumchangamsha nikauliza: "Baba, siku ile ya London, ulikaa dirisha lipi? Nilitie alama."

Hakujibu. Nilidhani hakusikia, nikauliza tena.

"Sikukaa," akasema.

Mikono yangu ilikuwa na stika majini, sikuweza kuitoa. Akaendelea kuongea huku anaitazama ndege. Alisema aliingia ndani ya zile ndege mara nyingi kuliko rubani yeyote, lakini aliingia na ufagio. Hajawahi kuwa ndani na mlango ukafungwa.

Hadithi ilianza hivi. Tarehe 18 Aprili 1972, moja ya zile Super VC10, 5X-UVA, ilikatisha kuruka pale Addis Ababa, ikashindwa kusimama, ikawaka moto. Watu 43 kati ya 107 walikufa. Habari zilifika Mashewa kwa redio. Bibi yangu alijua jambo moja tu kuhusu kazi ya mwanawe, kwamba ni ya ndege. Akaacha kula. Akamtuma ndugu yake hadi Dar es Salaam kumtazama kama yupo hai, na kumwambia aache kazi arudi. Baba alikuwa na umri wa miaka 22, mshahara wake ndio uliokuwa unasomesha wadogo zake. Alipopata likizo akaja nyumbani, na akamwambia mama yake: usiogope, mimi mwenyewe nimeshapanda hadi London, nikarudi, unaniona hapa mzima.

"Akala siku ileile," baba akasema. "Bada na kisamvu. Mimi nimekaa pale namtazama anavyokula."

Kesho yake jirani akaja kuuliza habari za London. Halafu mwingine. Bibi alifariki mwaka 1988, akiwa bado anasimulia. Na sisi tukazaliwa tukaikuta hadithi imekaa nyumbani kama kiti.

Sikujua la kusema. Mimi nimejigamba na ile safari tangu shule ya msingi. Niliwahi kumpiga mtoto mwenzangu aliyesema ni uongo. Nakiri kwamba kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huruma, ilikuwa aibu, na aibu yenyewe ilikuwa yangu mimi. Nikamuuliza kama nimwambie mdogo wangu. Akasema: "Mwache. Nitasema mwenyewe." Kwa hali ya kichwa chake nilijua huenda asikumbuke kwamba ana la kusema.

Alikumbuka. Siku ya mwaka mpya, mkeka umetandikwa, pilau katikati, mjukuu mmoja akaomba, kama watoto wanavyoomba kila mwaka: "Babu, tusimulie London." Baba akaweka tonge chini. Akasema, kwa sentensi tatu au nne tu, kwamba babu hakwenda London, alisema hivyo kumtuliza mama yake, na kwamba mtu akisema uongo kwa mapenzi bado ni uongo na unachosha kuubeba.

Dada yangu alifunika mdomo. Watoto walitazamana. Kisha shangazi, akiendelea kunyonya mfupa, akasema: "Lile koti nilimsindikiza mwenyewe kulinunua Kariakoo. Nilijua tangu siku hiyo."

"Na hukusema?" dada akauliza.

"Mama alikuwa anakula. Niseme ili iweje?"

Baba akamtazama dada yake. Miaka zaidi ya hamsini walikaa na siri moja, kila mmoja akidhani anaibeba peke yake. Halafu mjukuu yule yule akauliza kama bado tutamwita babu London, na shangazi akasema jina halirudishwi dukani.

Jioni ile kazi iliyobaki ilikuwa kijivu cha chini. Nilitaka kuimaliza mimi, mikono ya baba inatetemeka. Lakini alivuta kiti akaja upande wangu wa meza. Akaigeuza ndege chali, kama mtu anayemlaza mtoto kumbadilisha nguo, akasema: "Huku ndiko nilikokuwa mimi. Nyie mnaijua kwa juu, kwenye picha. Mimi nilikuwa naiona tumbo." Akachukua brashi ya wanja akapaka. Alinionyesha kwa ncha ya brashi milango ya mizigo ilipokuwa, mahali mafuta yalipokuwa yanavuja matone, na mahali alipokuwa akijikinga mvua. Alipaka zaidi ya saa nzima. Milia ya brashi inaonekana, na sehemu mbili amevuka mpaka akaingia kwenye nyeupe. Kwenye bawa bovu alipitisha rangi mara mbili bila kuuliza limekuwaje.

Mdogo wangu tulimpigia kesho yake. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza kama mzee anaweza kupata pasipoti. Tumeanza kuulizia. Sijui kama afya itaruhusu, na mzee mwenyewe anasema hana shida, ameshachelewa. Lakini dada ameniambia koti ameshalipeleka kwa fundi, kwapa litiwe kiraka.

Ndege tuliitundika sebuleni kwenye boriti kwa uzi wa kuvulia samaki, ili watoto wasiifikie. Mgeni akiingia anaisifia milia, kwa sababu akiwa mlangoni anaiona ubavuni. Ukikaa kwenye kiti cha baba, ambacho kipo chini yake kabisa, huoni mlia hata mmoja. Unaona kijivu tu.