Uwanda wa Nullarbor: Safari Ipimayo Mzigo

Kusini mwa Australia, kati ya mji wa Norseman ulioko magharibi na mji wa Ceduna ulioko mashariki, umelala uwanda mpana wa mawe ya chokaa uitwao Nullarbor. Jina hilo latokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "hakuna mti", na kwa kweli katika sehemu kubwa ya uwanda huo jicho halipati hata mti mmoja wa kutulia. Barabara ipitayo huko, iitwayo Eyre Highway, ilijengwa mwaka 1941 na 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili magharibi na mashariki ya nchi hiyo yapate kuunganishwa kwa ajili ya ulinzi. Kwa miaka mingi ilikuwa njia ya vumbi na mashimo, na kipande chake cha mwisho kilitiwa lami mwaka 1976.

Kutoka Norseman hadi Ceduna ni mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Kati ya vituo vya Balladonia na Caiguna barabara hunyooka kama uzi uliovutwa, kilomita 146 na zaidi bila kona. Mahali pengine lami imepigwa alama za kiwanja cha ndege, ili ndege ya madaktari iweze kutua barabarani kumchukua mgonjwa au majeruhi. Alama hizo zatosha kumfahamisha msafiri kwamba msaada uko mbali, na kwamba kosa dogo lililofanywa nyumbani wakati wa kupakia mizigo laweza kudai malipo makubwa huku nyikani.

Miongoni mwa wasafiri wa barabara hiyo wamo wazee wengi waliostaafu kazi, ambao hukokota nyuma ya magari yao trela la kulala, yaani nyumba ndogo yenye kitanda, jiko, jokofu na tangi za maji. Trela la namna hiyo likijazwa huweza kufikia tani mbili na nusu au zaidi. Katika kituo cha petroli huonekana magari yaliyosimama sawasawa, na mengine yaliyochuchumaa, nyuma yameinama na pua imeelekea juu, mfano wa mashua iliyopakiwa shehena yote upande wa tezi, omo ikabaki kuelea.

Sababu ya kuchuchumaa huko ni kanuni ya nyenzo, ile ile ifundishwayo shuleni. Chukua gari ambalo ekseli zake mbili ziko mita 3 mbali, na tufe la kukokotea liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya mwisho. Trela la kilo 2,500 likilalia tufe hilo kwa kilo 250, gari huwa kama mizani ya mtoto iliyokandamizwa upande mmoja: ekseli ya nyuma ndiyo egemeo, na magurudumu ya mbele hupunguziwa kilo 100. Kilo hizo hazipotei, bali huhamia nyuma. Hivyo ekseli ya nyuma hubeba nyongeza ya kilo 350, wala si 250 kama wengi wanavyodhani.

Hasara yake huonekana njiani. Magurudumu ya mbele ndiyo yenye kuelekeza gari, nayo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Yakiwa mepesi, usukani huwa kama unaelea mkononi. Usiku taa huangaza juu na kumtia kiwi dereva ajaye. Malori marefu ya nchi hiyo yapitapo kwa kasi, upepo wake husukuma trela ubavuni. Na pale Madura, ambapo barabara huteremka kutoka uwanda wa juu kwenda tambarare iliyo karibu na bahari, trela zito huisukuma gari kwa nyuma. Dereva ambaye gari lake limechuchumaa huufikia mteremko huo akiwa amekwisha poteza sehemu ya silaha zake.

Dawa ikimbiliwayo na wengi ni kununua springi ngumu zaidi, au mifuko ya hewa itiwayo kwenye springi ikajazwa upepo mpaka gari likanyanyuka. Gari hupendeza machoni, na mwenyewe husema ugonjwa umepona. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na kuyafunika macho hakuizuii mvua. Springi ngumu hunyanyua bodi tu. Zile kilo 100 hazirudi mbele, wala ekseli, tairi na chesisi haziongezewi uwezo hata kidogo. Magari kadhaa ya kubebea mizigo yamepata kupinda chesisi katika njia za makorongo, kwa sababu nyuma ilijazwa kupita kiasi huku mifuko ya hewa ikisukuma chesisi mahali pamoja. Kuinama kwa gari ni shahidi. Busara ni kumsikiliza kwanza, si kumnyamazisha.

Kwa hiyo msafiri mwangalifu huanza na mzani. Trela hupimwa likiwa na maji, chakula na vyombo vyote. Kisha hupimwa ekseli ya mbele ya gari, ekseli ya nyuma, na uzito uliolalia tufe. Tarakimu hizo hulinganishwa na zile zilizoandikwa na watengenezaji. Hapo ndipo wengi hushangaa, maana haba na haba hujaza kibaba: lita 100 za maji ni kilo 100, na masanduku ya zana, mkaa na makopo ya chakula huongezeka bila kelele.

Hatua ya pili ni kupunguza na kupanga. Kisichohitajiwa hubaki nyumbani. Vitu vizito huwekwa chini, karibu na ekseli ya trela. Hapa pana mtego: mtu akivisogeza vitu vizito hadi mkiani mwa trela, tufe hupunguziwa uzito na gari hunyanyuka mara moja, lakini trela hilo likishika kasi huanza kuyumba huku na huko kama mkia wa samaki, na huweza kulipindua gari. Nchini Australia kipimo kitumiwacho na wengi ni kuacha takriban asilimia 10 ya uzito wa trela ilalie tufe.

Hatua ya tatu, ikiwa kitabu cha gari chairuhusu, ni kufunga vyuma vya kugawa uzito. Hivi ni fito mbili za chuma chenye kunesa, zitokazo kwenye kiungo cha kukokotea na kukazwa kwenye trela kwa minyororo. Kazi yake yafanana na ya mtu anyanyuaye mikono ya toroli: uzito huenda kwenye gurudumu la mbele. Mafundi hupima kimo cha bodi juu ya kila gurudumu kabla ya kufunga trela na baada ya kulifunga, wakajua kiasi cha kukaza. Springi za nyongeza huja mwisho, kwa gari libebalo mzigo halali kila siku.

Katika nchi za Afrika Mashariki matrela ya kulala ni machache, lakini trela la maji, la jenereta au la mahema hukokotwa na magari ya vikosi, na nyenzo haibagui mzigo. Madereva wengi huuona mzani wa Mariakani, wa Gilgil au wa Busitema kama adui aliyewekwa njiani kuwachelewesha. Yule mzee wa Norseman huutafuta mzani kwa hiari yake, kabla ya kuondoka, kwa sababu pembeni yake amekaa mke wake, na mbele yao ziko kilomita 1,200 zisizo na fundi wa kando ya njia. Alilolipima mlangoni kwake halimshtui mteremkoni.