Makadara na Majibizano: Tiba ya Nafsi kwa Jicho la Mhakiki

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuazima istilahi za saikolojia changanuzi ili kuwachunguza wahusika wa riwaya na tamthilia. Ni nadra, hata hivyo, mhakiki kunena lolote kuhusu tiba yenyewe kama alivyoipitia. Makala haya yanajaribu kufanya hivyo. Hoja yangu ni kwamba tiba ya nafsi iitwayo ya kimahusiano ina jambo la kutufunza kuhusu usomaji wa ushairi wa majibizano wa pwani.

Yafaa kwanza kuifafanua istilahi hiyo. Mwaka wa 1912, Sigmund Freud alimshauri tabibu awe mfano wa kioo: asiidhihirishe nafsi yake, bali amrejeshee mgonjwa yale tu aliyoyaleta. Baadaye Sándor Ferenczi wa Hungaria, mmoja wa watu waliokuwa karibu naye, aliutilia shaka msimamo huo. Mwaka wa 1983, Jay Greenberg na Stephen Mitchell walichapisha nchini Marekani kitabu kilichopambanua mkabala wa misukumo ya ndani na mkabala wa mahusiano. Kwa mujibu wa huu wa pili, binadamu huumbika katika mahusiano, huumia humo, na aghalabu hupona humo humo. Tabibu hayuko nje ya yanayotendeka. Naye huguswa, huchoka, huudhika. Na hayo anayoyahisi ni sehemu ya kinachochunguzwa.

Mimi nililelewa kitaaluma katika imani iliyo karibu na ile ya kioo. Tulifunzwa kwamba matini ni kitu kilichokamilika, na kwamba mhakiki hodari huiacha nafsi yake mlangoni. Imani hiyo ilinifaa kwa miaka mingi. Alipofariki baba yangu, ambaye ndiye aliyenikaririsha tenzi kabla sijajua kuandika, niliendelea kufundisha bila kukosa kipindi. Nilihesabu mizani, nikabainisha vina na vituo, lakini hakuna ubeti ulionifikia. Kwa miaka mitatu sikuandika chochote. Kwa mtu ambaye riziki yake ni ushairi, hilo halikuwa jambo dogo.

Ndipo nilipoanza kwenda kwa tabibu wa nafsi mtaani Makadara, kisiwani Mombasa, si mbali na Mji wa Kale. Alikuwa mwanamume aliyenizidi umri kwa miaka michache. Mimi nikimwita Daktari, naye akiniita Mwalimu, na kila mmoja akijisitiri nyuma ya cheo cha mwenzake. Majuma ya mwanzo nilimhutubia. Siku moja akaniambia kwa upole, "Mwalimu, unieleze ukweli. Unaponifafanulia hivi, mimi hujiona nimekaa darasani, na wewe sikuoni. Je, wengine nao hukukosa namna hii?" Sikuwa na jibu, lakini swali hilo nililichukua hadi nyumbani.

Lililofuata ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nilikuwa nikisimulia usiku wa mwisho wa marehemu, tabibu akanikatiza akasema, "Ni makadara, ndugu yangu." Kila mtu wa pwani anaijua kauli hiyo. Makadara ni yaliyokadiriwa na Mwenyezi Mungu, na jina la mtaa wenyewe linalikumbusha neno hilo. Ni kauli ya imani, nami ninaiamini. Ila matangani ina kazi nyingine pia: hufunga mazungumzo. Nilinyamaza hadi muda wetu ulipokwisha.

Juma lililofuata alianza yeye. "Juzi nilikufungia mlango. Maneno yako yalinipeleka kwa mzee wangu mwenyewe, nikakimbilia kauli ya matanga. Ulikasirika?" Nikamjibu kwamba nilikasirika sana. Kisha nikalia kwa mara ya kwanza tangu maziko. Watu wengi walikuwa wameniambia neno lile lile kwa wema. Huyu alikuwa wa kwanza kurudi kulifungua. Katika tiba ya kimahusiano, kuufumbua na kuurekebisha mpasuko wa aina hii huhesabiwa kuwa ndiyo tiba yenyewe.

Mhakiki hawezi kuyasikia haya asikumbuke majibizano. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu, katika uhasama wa miji yao mwanzoni mwa karne ya 19, walitungiana mashairi ambayo hayaeleweki kikamilifu moja moja. Maana yake imo katika kupelekwa na kujibiwa. Hata hivyo sisi huyachapisha na kuyahakiki kana kwamba kila moja ni kisiwa. Mfano wa pili ni wa Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliyefungwa kati ya 1969 na 1972 na kutengwa na wafungwa wengine. Katika diwani yake Sauti ya Dhiki (1973) limo shairi "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi. Mtu aliyenyimwa wa kusema naye alitunga sauti mbili. Uhakiki umelifasiri shairi hilo kisiasa, na ni haki. Mimi sasa naona ndani yake pia haja ya kujibiwa.

Hata hivyo, mlinganisho huu una mipaka. Katika majibizano, malenga hulenga kumshinda mwenzake mbele ya hadhira. Katika tiba hakuna hadhira wala mshindi, na sitara ni sharti. Katika mji ambamo kila mtu ni jamaa ya mtu, sitara hiyo ni adimu. Tulipokutana njiani tulisalimiana tu, kila mtu akashika njia yake. Ukaribu wetu ulikuwa na ada yake na saa yake, na nadhani bila mipaka hiyo nisingethubutu kumkasirikia.

Swali linalobaki ni la kitaaluma. Ikiwa maana huzaliwa baina ya wawili, mhakiki anayejiweka kando hudai mahali ambapo hapapo. Katika semina za uzamili sasa huwaomba wanafunzi wangu waliandikie shairi jibu, kwa mizani na vina vyake, kabla ya kulichambua. Wengine hulalamika kwamba huko si kuhakiki. Huwaambia walete malalamiko hayo kwa beti, na wawili wameshafanya hivyo. Mmoja wao amenishinda, na jibu langu bado sijalimaliza.