Yoga: Somo la Mkao Katika Mji wa Kale wa Mombasa

Mtu atokaye Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, akaukata Mji wa Kale kwa miguu, hupita milango ya nakshi na vichochoro vyembamba hata akatokea upande wa Langoni. Huko, si mbali na kelele za Marikiti na harufu ya iliki, limesimama hekalu jeupe la Wajaini, lililojengwa mwaka 1963. Mgeni huvua viatu mlangoni, wala haingii na kitu cha ngozi, kwa maana Wajaini hawataki kiumbe chochote kidhuriwe.

Ndani zimo sanamu za walimu wao wakuu. Wameketi, kila wayo juu ya paja la pili, mgongo umenyoka, mikono imepakatwa. Mtazamaji huenda akadhani wanapumzika tu. Sivyo. Huo ni mkao wa tafakuri, na katika yoga huitwa padmasana, yaani mkao wa yungiyungi.

Neno yoga ni la Kisanskriti, na asili yake ni kufunga pamoja, kama ng'ombe wawili wafungwavyo nira wavute plau moja. Mkulima atafahamu upesi: ng'ombe mmoja ni mwili, wa pili ni moyo, kila mmoja akivuta kwake, shamba halilimiki.

Kitabu cha kale cha Patanjali chataja hatua nane. Ya kwanza ni makatazo matano: kutodhuru, kutosema uwongo, kutoiba, kutofuata tamaa za mwili na kutokuwa na choyo. Hayo ndiyo pia nadhiri tano za Wajaini. Ya pili ni nidhamu ya nafsi, kama vile usafi na kuridhika. Ndipo huja mikao ya mwili, kisha kuitawala pumzi. Nne zilizosalia ni za ndani: kuzirudisha fahamu kutoka katika vitu vya nje, kukaza fikira mahali pamoja, kutafakari, na mwisho utulivu kamili. Basi ajikunjaye viungo huku akimpunja jirani yake ameanza na hatua ya tatu, akaziruka mbili za kwanza.

Je, wenye dini nyingine waweza kujifunza? Wakubwa wa dini hawana kauli moja. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga iliyochanganywa na ibada. Lakini kuketi wima na kuvuta pumzi si mali ya dini moja, na kila mtu na apime kwa dhamiri yake.

Ajaribuye huanza na machache. Karani aliyeinama mezani mchana kutwa, au mkulima aliyeinamia jembe, aketi juu ya mkeka, anyoshe mgongo, avute pumzi puani taratibu, na kuitoa taratibu zaidi, kwa dakika tano. Asijilazimishe kukunja goti lisilotaka. Mja mzito na mwenye ugonjwa wa moyo au wa mgongo wamwulize daktari kwanza.

Tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa huadhimisha Siku ya Yoga kila tarehe 21 Juni. Hata hivyo faida yake haingoji sikukuu. Wahenga walisema hasira ni hasara. Naye aliyezoea kuitawala pumzi yake hupata nafasi ya kunyamaza kabla hasira haijanena.